Uzi: TEMS ya Mark II GX81, mguu mmoja mgumu kama gogo na mitatu laini. Nipimeje kabla sijanunua shokapu?

pweza_wa_fuoni (mwenye uzi), Jumapili saa 3 usiku

Assalaam aleikum wanajamvi.

Nina Toyota Mark II GX81 ya mwaka 1990, ile Grande Twin Cam 24, niliyoichukua kwa ami yangu alipoacha kuendesha. Pembeni ya gia kuna swichi yenye maneno mawili, NORMAL na SPORT. Ami alikuwa akiniambia "hiyo usiichezee". Kumbe ndiyo TEMS yenyewe, shokapu za umeme.

Tatizo ni hili. Mguu wa nyuma kulia umekuwa mgumu kama gari la ng'ombe, na mitatu iliyobaki ni urojo. Kila wikiendi nampeleka mama Makunduchi, na mnayajua yale matuta ya Jozani yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju. Mbele inapanda na kushuka vizuri tu, ikifika zamu ya nyuma inanirusha upande kama imepigwa teke. Mama ana mgongo. Wiki iliyopita kasema bora apande daladala la mbao.

Nimepita kwa mafundi watatu. Wa kwanza: "Shokapu zote nne zimekufa, weka za kawaida." Wa pili: "Kata waya, umeme wa nini kwenye shokapu?" Wa tatu: "Kontroli boksi hiyo imeungua." Hakuna hata mmoja aliyefungua boneti. Wa tatu alitoa hukumu akiwa amekaa kwenye kiti chake, kikombe mkononi.

Sasa nataka kujua mie mwenyewe, nianzie wapi? Nna spana, nna bisibisi, nna mita ya umeme ya bei poa, na nna mdogo wangu wa kumtuma. Spidi mita nayo ina wazimu wake, mara inafanya kazi mara inalala kwenye sifuri, lakini hiyo nshaizowea.

mtoto_wa_mchangani, saa 3 na dakika 10

Uza, nunua IST. Uzi ufungwe.

pweza_wa_fuoni, saa 3 na dakika 14

Nilijua utakuja tu. IST nayo nikiipeleka kwa fundi yule yule ataniambia kontroli boksi imeungua.

kaskazi_tupu, saa 3 na nusu

Kaka, TEMS kazi yake ni kunyanyua gari na kuishusha. Ukibonyeza SPORT gari inakaa chini. Kama nyuma kulia ni ngumu basi upepo umejaa huko, tafuta pa kuutoa.

mzee_spana, saa 4 usiku

Wa aleikumu salaam. Kaskazi_tupu, mwanangu, usimpoteze mwenzio akaenda kutafuta upepo usiokuwapo. Mie nimezifungua hizi tangu zilipoanza kuteremka bandarini Malindi.

Toyota ilianza kuiweka TEMS kwenye Soarer mwaka 1983. Mwaka 1986 Soarer mpya ikaja na toleo la mpira wa hewa, na hiyo ndiyo inayonyanyua na kushusha. GX81 ya huyu bwana haina hewa. Ina springi ya chuma kama gari nyengine yoyote, na springi haiguswi na umeme hata kidogo. Kinachobadilika ni ugumu wa shokapu tu, basi.

Inabadilikaje? Shokapu ya kawaida ina pistoni ndani inayopita kwenye mafuta kupitia matundu madogo. Matundu yakiwa makubwa mafuta yanapita upesi, shokapu laini. Yakiwa madogo mafuta yanabanwa, shokapu ngumu. Ya TEMS ule mti wa shokapu ni tupu katikati kama bomba, na ndani yake mmepita kijiti chembamba kinachofika mpaka kwenye pistoni. Ukikizungusha kijiti, kule chini kinafungua au kinaziba matundu ya ziada. Juu ya shokapu imekaa mota ndogo kama kofia, kazi yake ni hiyo tu ya kukizungusha kijiti.

Mota inaamrishwa na kontroli boksi. Boksi linasikiliza spidi ya gari, stelingi imekatwa kiasi gani, mguu wa mafuta umekanyagwa vipi, na swichi ya taa ya breki. Ukifunga breki ukiwa na mwendo linakaza shokapu ili pua isizame. Ukikata kona kwa nguvu linakaza ili gari isilale. Ukiondoka kwa kishindo linakaza ili matako yasikae chini. Ukitulia linalegeza.

Kwa hiyo, pweza, unavyo vitu vitatu na usivichanganye. Kuna shokapu yenyewe, kuna mota iliyo juu yake, halafu kuna amri, nayo ndiyo boksi, waya, swichi na masensa. Mafundi wako watatu kila mmoja kakamata kimoja kwa kubahatisha. Wewe anza na shokapu, kwa sababu hiyo inapimwa kwa mkono na haina gharama. Zima gari, toa ufunguo, ng'oa mota, geuza kijiti kwa vidole. Ukishajua kama kijiti kinageuka na gari inabadilika, theluthi ya kesi imekwisha.

Neno moja kabla hujashika spana. Pale juu kuna nati kubwa ya katikati inayoushika mti wa shokapu. HIYO USIIGUSE. Chini yake springi imebanwa kwa uzito wa gari. Mota inashikwa na skrubu mbili ndogo, hizo ndizo zako. Nati kubwa mwachie mwenye vibano vya springi.

pweza_wa_fuoni, saa 4 na robo

Mzee wangu, Mwenyezi Mungu akupe umri. Hivi ndivyo nilivyotaka kuelezwa. Kesho baada ya alasiri nafungua.

kaskazi_tupu, saa 4 na dakika 20

Nimekubali, kumbe nilikuwa nachanganya na Soarer ya jamaa yetu mmoja.

chake_hadi_wete, saa 5 kasorobo

Yakhe, nami nina la kuchekesha kutoka huku Pemba. Nina Hilux Surf ya zamani, nayo ina swichi ya ugumu wa shokapu. Vilima vya barabara ya zamani ya Wete mnavijua, kona juu ya kona, nikawa nabonyeza ile swichi mwaka mzima najisifu kwa abiria: "Subirini nikaze shokapu." Siku moja nafungua boneti kutafuta panya, nakuta mota mbili zimefungwa kwa kamba pembeni ya betri. Aliyekuwa nayo kabla yangu alitia shokapu za kawaida, mota akaziacha. Nikibonyeza swichi zinazunguka, krrr, hewani! Mwaka mzima namkazia hewa.

Kwa hiyo pweza, kwanza kabisa hakikisha shokapu zako ni za TEMS kweli. Katikati ya mti, juu, lazima uone kijiti kimetokeza. Ukiona mti mzima usio na kitu, wewe ni mwenzangu.

mtoto_wa_mchangani, saa 5

"Namkazia hewa" 😂 nimeanguka kitandani.

binti_waya, Jumatatu saa 1 asubuhi

Sabalkheri. Nimesoma uzi wote. Mzee_spana kaeleza vyema, mie naongeza upande wa umeme maana ndio kazi yangu, ingawa si ya magari, ya majokofu.

Kabla hujang'oa chochote fanya jaribio la sikio. Washa ufunguo bila kuwasha injini. Wewe kaa ndani, mdogo wako asimame mbele na kidole juu ya mota. Geuza swichi NORMAL, SPORT, NORMAL. Mota nzima utaisikia inagonga au inaguruma sekunde moja hivi, na kidole kitahisi. Fanya zote nne moja moja. Zikigonga tatu na moja ikawa kimya, boksi lako huenda ni zima. Boksi lililoungua kwa kawaida halichagui mguu wa nyuma kulia peke yake likaacha mingine. Inaweza kutokea, lakini kabla ya hapo kuna waya, soketi na mota yenyewe.

Na zikinyamaza zote nne usilie, angalia fyuzi.

pweza_wa_fuoni, Jumatatu saa 2 usiku

Ripoti ya kwanza.

Jaribio la sikio: mbele kushoto, krrr. Mbele kulia, krrr. Nyuma kushoto, krrr kwa mbali, mdogo wangu ilibidi aingize kichwa ndani ya buti. Nyuma kulia inalia lakini sauti nyengine, kama mbu kwenye chandarua. Inalia "nnnn" halafu inaacha. Haigongi.

Za mbele nilizing'oa mota. Kijiti kipo! (chake_hadi_wete, pole, mie si mwenzio.) Kimetokeza kidogo, kimekatwa bapa pande mbili, na mota ina mfuo unaokaa juu yake. Nilikigeuza kwa vidole tu, laini kabisa. Nikabonyeza kona ya gari kwa nguvu na kuachia: inashuka, inapanda, inatulia. Nikageuza mwisho wa pili, nikabonyeza tena. Ukweli ni kwamba tofauti sikuiona sana. Je hiyo ndiyo kusema shokapu imekufa?

mzee_spana, saa 2 na nusu

La. Mkono wako hauna mwendo wa tuta. Kubonyeza kona kunakwambia jambo moja tu, kama shokapu ni hai au maiti. Gari ikirukaruka mara tatu nne ndipo itulie, mafuta yamekwisha, na hapo hata ukizungusha kijiti mpaka kesho hutapata kitu, kwani matundu hayana cha kupitisha. Ikitulia kwa mara moja au moja na nusu, ni hai. Tazama vile vile kama mwili wa shokapu una mafuta yenye vumbi lililoganda.

Tofauti ya laini na ngumu isikie barabarani. Weka za mbele zote mbili mwisho mmoja, pita tuta moja kwa mwendo mmoja. Rudi, geuza mwisho wa pili, pita tuta lile lile. Utaisikia kwenye meno.

Huyo mbu wa nyuma kulia ananitia shaka. Mota inataka kugeuka haiwezi. Ama kijiti kimeganda, ama meno ya ndani ya mota yamekatika. Ing'oe uone.

binti_waya, saa 2 na dakika 50

Ukiing'oa ipime ikiwa peke yake mkononi. Chomoa soketi. Kama ina waya mbili tu za mota, chukua betri ndogo ya volti 9, ile ya umbo la kiboksi, gusa upande mmoja na upande wa pili. Inapaswa kugeuka njia moja. Geuza waya, igeuke kurudi. GUSA tu, usiishikilie. Mota hizi zimeumbwa kufanya kazi nusu sekunde, ukiziachia umeme zikiwa zimefika mwisho zinapata moto na koili inakufa. Huenda utakuwa umeua kitu kizima kwa kukipima.

Betri ndogo naipenda kwa sababu haina nguvu ya kuchoma. Ukitumia betri ya gari pitisha kwenye fyuzi ndogo kwanza.

Ikiwa na waya zaidi ya mbili usikisie. Nyengine zina solenoidi ndani inayoisimamisha mota katikati, ndiyo inayoleta ugumu wa kati. Hapo utahitaji mchoro.

Na soketi ya gari usiipime kwa mita ya namba halafu ukasema "hakuna umeme". Amri inakuja kama kofi, papo imekuja papo imekwenda, na mita ya namba haiwahi kusoma. Tumia taa ndogo ya dashibodi, au mita ya mshale kama unayo ya babu. Utaiona inapepesa.

pweza_wa_fuoni, saa 3 usiku

Dada, mita ya mshale ipo kweli ya babu, kwenye kabati la redio. Nitaitumia.

fundi_hana_makuu, saa 3 na nusu

Mnamchosha kijana. Nyuma kulia mota imekufa, atafute yuzidi, aweke, mwisho. Mnaandika kitabu.

mzee_spana, saa 3 na dakika 40

Na kijiti kikiwa kimeganda, hiyo mota mpya itakufa wiki ya pili. Halafu atarudi kwako umuuzie ya tatu.

fundi_hana_makuu, saa 3 na dakika 42

🤐

pweza_wa_fuoni, Jumatano saa 4 usiku

Nimekawia, jana mvua ilitunyima nafasi. Ripoti ya pili, na hii ndiyo yenyewe.

Nilifungua pambo la buti nikaifikia ya nyuma kulia, kule mbele karibu na mgongo wa siti. Mota imevaa kutu ya kijani kwenye skrubu. Niliing'oa kwa taabu. Kijiti hakigeuki. Nilijaribu kwa vidole, nikajaribu kwa koleo kidogo, nikaogopa nikaacha. Mota yenyewe nilipoipima kwa betri ya volti 9 inaguruma, lakini mfuo hausogei, na nikiigeuza kwa mkono inateleza. Nimeifungua. Meno ya plastiki ndani yamelika upande mmoja mpaka yamekuwa kama fizi za mtoto.

Mita ya mshale kwenye soketi: mshale unaruka kila nikigeuza swichi. Kwa hiyo amri inafika. Fundi wa tatu na kikombe chake, kontroli boksi lipo hai.

Sasa kilichotangulia ni kipi? Mota iliharibika ikaacha kijiti kigande, au kijiti kiliganda kikaila mota?

mzee_spana, saa 4 na dakika 10

Kijiti. Mota ya plastiki haishindani na chuma, na kila ulipogeuza swichi ilikuwa inasukuma ukuta. Boksi halijui kama kijiti kimegeuka au hakikugeuka, lenyewe linatoa amri tu. Mota imekufa shahidi.

Niambie, buti lako linavuja?

pweza_wa_fuoni, saa 4 na dakika 15

Mzee, umejuaje? Mpira wa buti upande wa kulia umechanika. Masika yote natoa maji kwa kitambaa.

mzee_spana, saa 4 na dakika 25

Basi umekwisha kujijibu. Maji yanadondokea juu ya shokapu, ile mota ni kofia lakini si mwavuli. Ukichanganya na chumvi ya hewa yetu, hata kufuli la mlango linaganda seuze kijiti. Mpira wa buti ubadilishe kabla ya yote, la sivyo unafua nguo huku umesimama matopeni.

Kijiti kifanye hivi. Safisha pale juu kwa brashi ya waya na kitambaa. Tia tone moja, mbili, la mafuta ya kulegeza kutu, usimwage, maana chini yake kuna mpira mdogo unaozuia mafuta ya shokapu yasipande. Acha usiku. Asubuhi shika zile bapa kwa koleo dogo lenye mdomo mwembamba, sukuma kidogo kulia, rudi kidogo kushoto. Usikilazimishe njia moja. Kijiti ni chembamba, ukikikata au ukila bapa zake umeiua shokapu nzima nzima, itabaki ngumu milele. Hata ikichukua siku tatu, iache ichukue.

chake_hadi_wete, saa 4 na nusu

Pweza, wewe utatengeneza umeme wa shokapu kabla mie sijapata hata shokapu. Dua zangu ziko na kijiti.

pweza_wa_fuoni, Jumamosi saa 12 jioni

KIMEGEUKA.

Siku ya tatu, baada ya sala ya asubuhi. Kwanza kilisogea unywele, nikarudi nyuma, nikaenda, nikarudi, mafuta tone, tena. Ghafla kikaachia kama mtu aliyekasirika akacheka. Sasa kinakwenda mwisho mpaka mwisho, bado kizito kuliko wenzake lakini kinakwenda.

Kumbe kilikuwa kimeganda kwenye NGUMU. Ndiyo maana mguu ule ulikuwa gogo na mingine ikifuata NORMAL imelegea.

Swali: mota ya nyuma kulia sina. Nikikiweka kwa mkono kwenye laini, nikaacha tatu zifanye kazi na moja nimeiweka mie, itafaa?

mzee_spana, saa 12 na dakika 20

Haifai. Hapo ndipo watu wanapojikwaa. Ukiwa na mwendo ukafunga breki, boksi litakaza tatu na ya nne itabaki laini, gari inaweza kwenda mshazari wakati ule ule unaoihitaji inyooke. Hivi sasa unajua mguu mmoja ni mgumu, umeuzowea. Wa kulegea peke yake utakushtukiza.

Mpaka upate mota, ng'oa zote nne, soketi uzifunge kwenye nailoni zisiingie maji, na vijiti vyote uviweke mwenyewe mahali pamoja. Kisha kila shokapu uivike kifuniko juu, hata kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli kimefungwa vizuri, maji yasirudi kule kule. Taa ya dashibodi inaweza kupepesa kulalamika. Iache ilalamike.

binti_waya, saa 12 na nusu

Na kabla hujang'oa zile nzima, zitumie zikufundishe. Washa ufunguo, weka NORMAL, zima, ng'oa. Kijiti kilivyoelekea hapo, gari ikiwa imesimama, ndiyo laini. Kipige alama. Usidhani wa kulia na wa kushoto ni pacha. Niliona Supra moja mfuo wa kulia unaelekea kinyume na wa kushoto. Kila kimoja na alama yake. Siku ya kurudisha mota utanishukuru, maana mota na kijiti visipoelekea sawa havikaliani, na mtu akikaza skrubu kwa nguvu ndipo meno yanapovunjika.

pweza_wa_fuoni, saa 1 usiku

Nimetumia rangi ya kucha ya dada yangu, nyekundu. Bado hajajua.

pweza_wa_fuoni, Jumapili saa 2 usiku

Ripoti ya barabarani. Fuoni, Tunguu, Jozani, Kitogani, Makunduchi, na kurudi.

Kwenda niliweka zote laini. Matuta ya Jozani tulipita kama tumo ngalawani bahari shwari, mama hakusema neno, na kwa mama yangu kimya ni sifa. Lakini Kitogani mbuzi katoka kichakani, nikafunga breki, pua ikazama mpaka nikaona lami. Mbuzi salama. Mama akasema neno.

Makunduchi chini ya mwembe nikageuza zote ngumu, dakika ishirini kazi nzima pamoja na kulifungua buti. Nikazunguka kijijini bila abiria. Breki nzuri, kona nzuri, lakini kila jiwe linakuja na jina lake. Nikarudi mwembeni nikaweka kati. Ya kati niliipata kwa kuhesabu mwisho mpaka mwisho na kusimama katikati, nikafananisha zote nne. Kurudi mjini kwa kati: matuta yanasikika lakini hayarushi, breki pua inainama kwa adabu. Mama kalala kuanzia Kitogani mpaka Tunguu.

Nimeamua kati.

kaskazi_tupu, saa 2 na dakika 10

Hongera sana. Na mie nimejifunza, sitatafuta upepo tena.

mzee_spana, saa 2 na dakika 25

Vyema. Lakini kuna jambo ulilitaja siku ya kwanza ukalipita kama mtu aliyeruka nyoka akidhani kamba. Spidi mita inayolala kwenye sifuri. Kwenye magari mengi ya rika hilo, boksi la TEMS linajua mwendo kutoka huko huko kwenye mita ya spidi. Mita ikilala, boksi linaamini umesimama, halikazi kitu ukifunga breki hata ukiwa unakwenda themanini. Utanunua mota, utaipachika, taa itawaka vizuri, na pua bado itazama. Halafu utarudi hapa unilaumu.

Tengeneza kebo ya spidi kwanza. Mara nyingi ni ncha ya kebo imelika, au haikukaa vizuri kwenye gia boksi. Tazama na swichi ya taa ya breki pia: mwambie mdogo wako asimame nyuma, ukikanyaga zote ziwake. Boksi linategemea swichi hiyo hiyo.

pweza_wa_fuoni, saa 2 na nusu

Na mie nilisema "nshaizowea". Mzee wangu, nakuja kwako na halua.

fundi_hana_makuu, saa 3 usiku

Pweza, nina gari ya kukatwa hapa gereji, Cresta, nadhani na yenyewe ina hizo mota. Sijui kama zinakaliana. Njoo utazame mwenyewe, na hiyo mita ya babu uje nayo.

mtoto_wa_mchangani, saa 3 na dakika 5

Jamani, hana makuu kweli.

pweza_wa_fuoni, Jumanne saa 1 usiku

Nimekwenda. Kebo ya spidi ndiyo, ncha ilikuwa imelika, sasa mshale unakaa. Mpira wa buti nimeweka mpya, nimemwagia ndoo tatu, haudondoki hata tone. Kwenye Cresta mota za mbele zipo mbili nzima, za nyuma zote zimeng'olewa na mtu aliyetangulia. Hizo za mbele zina umbo jengine na za nyuma kwangu, hazikai.

Kwa hiyo bado natafuta moja, nyuma kulia, GX81. Aliye nayo, iwe Unguja au Pemba, aniandikie faragha. Iwe inagonga, siyo ya mbu.

chake_hadi_wete, saa 1 na dakika 20

Mie ninazo mbili, nzima kabisa, zimezoea kukaza hewa. Lakini za Surf. Nitumie picha ya mfuo wako tufananishe.